Dekoda ya Mwalimu Protasi

Nachingwea,
9 Novemba 2008

Kwa Kaka yangu mpendwa, Kassian Kornel,

Shikamoo, Kaka. Sijakuamkia tangu mwaka 1996 na sijui kama shikamoo hii utaipokea, lakini ndiyo ya kwanza kutoka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na nyumba yako, na kwamba huko mvua zimeanza vizuri. Sisi huku hatujambo, kwa namna wazee wanavyoweza kuwa hawajambo. Baba ametimiza miaka sabini na minne, goti linamsumbua, ila kila asubuhi bado anakwenda kwenye mikorosho yake kule kwetu Malolo. Mama anakula vizuri, shida yake ni macho. Ana mtoto wa jicho. La kulia halioni kabisa na la kushoto linaona kama mtu aliye ndani ya ukungu. Dada yetu Aurelia ameolewa hapa Nachingwea na ana watoto watatu. Mimi ni Dastani, mdogo wako. Nina kibanda cha ufundi wa redio na televisheni karibu na soko, na ninaandika nikiwa humo humo, mlango nimeurudishia ili mtu asije kunikatiza na pasi yake iliyoungua.

Utajiuliza anwani yako nimeitoa wapi. Nimeitoa ndani ya mashine, na ndiyo habari ninayotaka kukueleza kwa utaratibu.

Unamkumbuka Mwalimu Protasi, aliyekufundisha hesabu darasa la sita? Amestaafu, anaishi Ruangwa mjini na mkewe, Mama Teodosia, ambaye ni binamu wa Mama yetu. Mtoto wao anayefanya kazi Arusha aliwaletea dishi la setilaiti pamoja na dekoda, siyo hizi za kawaida, bali ile yenye diski ndani ambayo inarekodi vipindi ukavitazama siku nyingine. Mwalimu anaitunza kama alivyokuwa akiitunza rejista ya mahudhurio. Anarekodi misa, anarekodi mpira kwa ajili ya majirani, na anarekodi kila kitu cha kilimo kwa sababu anasema uzee usio na shughuli ni ugonjwa.

Mwezi wa nane Mama alikwenda Ruangwa kuangaliwa macho, akafikia kwa Mwalimu. Jioni moja kabla ya chakula Mwalimu aliona kuna kipindi cha ufugaji wa nyuki, akabonyeza kitufe cha kurekodi, kisha akatoka kwenda kuongeza mafuta kwenye jenereta. Mama Teodosia alikuwa jikoni. Mama yetu alibaki peke yake sebuleni anachambua choroko kwa vidole, kwa kuwa macho hayamsaidii, na televisheni anaisikiliza zaidi kuliko kuitazama. Akasikia sauti. Anasema hakuhitaji kufikiri. Alisimama, choroko zote zikamwagika, akasogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa kioo, na Mama Teodosia alipoingia alimkuta amekiegemea kwa viganja vyote viwili anaita jina lako.

Lakini wakati huo kipindi kilikuwa kimehamia kwenye ng'ombe. Mwalimu alirudi mbio, akasema hakuna tabu, kimerekodiwa, tutarudisha nyuma. Kabla hajagusa rimoti, jenereta likapandisha umeme ghafla, taa zikawa nyeupe, halafu kila kitu kikazima. Kesho yake taa ya dekoda iliwaka nyekundu lakini mashine haikusikia kitu. Ukibonyeza rimoti, kimya. Ukibonyeza vitufe vya usoni, kimya vilevile.

Habari zilipotufikia, kila mmoja alizipokea kwa namna yake. Aurelia alisema kwa huruma kwamba ni macho ya Mama, na mtu anayetamani huona anachokitamani. Baba aliinuka akaenda kwenye mikorosho yake. Unamjua. Kwake jina lako lilikuwa halitajwi, na aliyelitaja kwa bahati mbaya aliachiwa sahani peke yake. Mama alipoona haaminiki, alikataa kurudi Malolo. Alisema ataondoka Ruangwa siku ile mashine itakapofunguka. Akakaa siku tisa, kila siku asubuhi anaketi kwenye kiti karibu na ile dekoda kama mtu anayeuguza.

Siku ya tisa Mwalimu alinipigia simu. Nilikuwa Kiegei, natengeneza sola. Hakuniomba. Alisema tu, "Dastani, mama yako anadhoofika kwenye nyumba yangu. Njoo na vifaa vyako vyote."

Nilifika na kuanza na mambo madogo, kama fundi yeyote anavyotakiwa. Nilibadilisha betri za rimoti, nikaipima, ilikuwa nzima. Nilichomoa waya wa umeme ukutani nikasubiri kwa kitambo, nikachomoa na waya wa dishi, kisha nikarudisha umeme peke yake. Taa nyekundu ikageuka kijani, kioo kikaandika maneno ya kuanza, mstari wa chini ukaenda mpaka katikati, ukasimama. Ukasimama hapo moja kwa moja. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu uligoma mahali pale pale.

Nikampigia fundi mwenzangu wa Dar es Salaam anayezijua mashine hizi. Alicheka, akasema, "Mbona hiyo ndogo, mwanangu. Shikilia vitufe viwili vya mbele huku unachomeka waya. Inajifuta yote, inarudi mpya kama imetoka dukani." Nikamuuliza vilivyorekodiwa vinabaki? Akasema vinakwenda na maji. Akauliza, "Kwani kuna nini humo, harusi ya mtu?"

Nilikata simu, nikamgeukia Mwalimu na Mama, nikawaambia hakuna njia nyingine, mashine itapona lakini kumbukumbu zote zitafutika. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa shati. Mama alinyoosha mkono, akaupapasa mfuniko wa dekoda, akauona una joto. Akaniuliza kwa Kimwera, taratibu, kama anavyouliza mtu bei sokoni bila kutaka kugombana, "Ni lazima, au ni rahisi?"

Kaka, nilisogeza dekoda mezani. Nikaomba bisibisi yangu.

Nilipofungua mfuniko nilikuta vumbi jekundu la Ruangwa na sisimizi waliokufa. Feni ilikuwa imekwama. Nikaisafisha ikazunguka, lakini mashine ikagoma tena pale pale. Ndipo nikachomoa waya wa diski, nikawasha. Dekoda ikaamka! Ikasikia rimoti, ikapandisha sauti, ikashusha. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye diski, au kwenye njia ya kwenda kwenye diski. Nikairudisha, nikaweka sikio juu yake. Ilikuwa inajaribu kuzunguka, inavuma kidogo, inagonga mara moja, inaacha. Nikapima umeme unaoifikia. Ulitakiwa kuwa volti kumi na mbili. Diski ilipoanza kuzunguka ulianguka mpaka tisa. Nikamulika tochi kwenye saketi ya umeme, nikaona kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwani kama maandazi. Ni lile jenereta.

Basi diski haikuwa mbovu, ilikuwa haipati nguvu za kutosha kuanza. Nikamweleza Mama hivyo hivyo. Akasema, "Mpe."

Kesho yake nilipanda pikapu ya kubeba mihogo nikarudi Nachingwea, nikang'oa kapasita mbili za aina ile kwenye televisheni mbovu niliyoachiwa na mteja kama spea, nikazipima moja moja, nikarudi Ruangwa jioni ile ile. Asubuhi nikazichomea. Nilipowasha, ule mstari ulitembea, ukafika katikati, ukapita. Mama Teodosia alipiga kigelegele kule mlangoni. Mwalimu akafungua orodha ya vipindi, na cha juu kabisa kilikuwa cha nyuki.

Ulikuwepo, Kaka. Kwa sekunde arobaini, nimezihesabu. Umevaa shati la kaki, umebeba mzinga begani, halafu unaushusha na kuufunga kamba kwenye mti, na unafunga kwa mkono wa kushoto, kama zamani. Mwandishi anakuuliza unayo mizinga mingapi, unamjibu mia moja na kumi. Anakuuliza kama hawakuumi, unacheka, unasema wanauma sana. Sauti yako bado ni ya Malolo. Pembeni yako kuna mtoto wa kike wa miaka minne hivi, ameshika suruali yako na anaitazama kamera kwa kununa, na ule mnuno, Kaka, ni wa Mama mtupu. Nyuma yenu lipo bango la chama chenu cha ushirika. Mwalimu aliisimamisha picha, tukaisogeza kidogo kidogo mpaka tukasoma jina la chama na namba ya sanduku la posta. Mama alinishika bega akaniambia nisimfichie, wewe ndiye au siye, akisikia siye atarudi Malolo na hatataja tena. Nikamwambia ni wewe. Hakulia. Aliomba chai.

Baba aliitwa. Tulidhani hatakuja, lakini siku ya tatu alifika amevaa koti lake la kanisani, akakataa kiti cha kochi, akachukua stuli. Mwalimu akawasha. Zilipokwisha zile sekunde Baba alisema, "Rudisha." Tukarudisha. "Rudisha." Mara tatu. Mara ya mwisho alisema, "Amenenepa." Tulidhani amelainika. Kisha akainuka, akaweka kofia, akasema, "Sura yake sina ugomvi nayo. Lakini kitu cha kanisa hakijarudi." Akaenda zake kutafuta usafiri wa Malolo, na mimi nikakaa pale natazama bisibisi zangu zilivyopangwa mezani.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imenisumbua siku nne.

Mwaka 1996 mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na wewe ishirini na tano. Wewe ulikuwa unatunza ufunguo wa kanisa la kigango, na Baba alikuwa mwenyekiti wa halmashauri yake. Amplifaya ya kanisa ilikuwa mpya, waumini waliisubiri misimu miwili ya korosho. Jumatano moja ulikwenda kuoga mtoni ukashinda huko, ukaacha shati kwenye kamba. Nilichukua ufunguo mfukoni mwa shati lako, Kaka. Sikutaka kuiba. Nilitaka kuona ndani, nione sauti ndogo ya mtu inageukaje kuwa kubwa. Niliibeba kwenye gunia mpaka kwenye kibanda cha kuhifadhia ufuta, nikaifungua kwa kisu, nikaiunganisha na betri la gari la yule mfanyabiashara wa ufuta niliyekuwa namlindia kibanda hicho. Niliunganisha vibaya. Ilitoa cheche, ikanichoma vidole viwili, ikanuka, ikafa. Niliogopa. Nikaitumbukiza kwenye shimo la choo la zamani nyuma ya shule, nikarudisha ufunguo, na ulipotoka mtoni shati lako lilikuwa mahali pake.

Jumamosi ilipogundulika haipo, mlango haukuwa umevunjwa. Mwenye ufunguo ni mmoja. Ulisema hujui, na Baba akakuuliza mbele yetu sote kama unataka kumfanya yeye mwongo. Jumapili alisimama mbele ya waumini, na ili watu wasiseme mwenyekiti anamlinda mwanawe, akakutaja kuwa mwizi kwa jina lako na la ubatizo. Nilikuwa benchi la tatu. Nilikuwa nimeficha mkono ndani ya shati.

Kuna jambo moja sijawahi kulisahau. Jioni ya siku ile, kwenye chakula, uliuona mkono wangu. Vidole vilikuwa vimevimba, na ngozi imetoka. Uliuangalia, ukaniangalia, halafu ukasogeza bakuli la maji karibu nami ili niweze kunawa bila kunyoosha mkono mbele ya Baba. Asubuhi hukuwepo. Mpaka leo sijui kama ulijua. Nimeishi miaka kumi na miwili nikijiambia hukujua, kwa sababu kama ulijua, basi nina deni lisilo na jina.

Na halijaishia hapo. Nilipowaambia Mama na Mwalimu kwamba lazima mashine ifutwe, nilikuwa nimeshaona mstari ule unasimama katikati, na fundi wa siku tatu tu angejua kwamba hiyo ni diski haiamki, lazima ufungue uangalie. Nilijua, Kaka. Niliona tu kwamba ukipatikana wewe, na hadithi ya amplifaya itafufuka, na watu wataanza kuuliza upya. Vitufe ni viwili. Ningebonyeza, ningesikitika nao, ningekunywa chai yao, na ungepotea mara ya pili kwa mkono ule ule. Kama Mama asingeniuliza lile swali, ningebonyeza. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, nisije nikajisifu kwako kwamba nilikutafuta.

Baba aliposema kitu cha kanisa hakijarudi, nilikaa kimya tena siku sita. Siku ya saba nilikwenda Malolo. Nilimkuta anaokota korosho, nikapiga magoti kwenye majani makavu, nikamwambia yote, mpaka ya shimo la choo. Aliendelea kuokota. Alijaza ndoo, akaimwaga kwenye gunia, akarudi akaanza nyingine. Nilidhani hajasikia. Halafu akaniuliza, "Vidole vilipona?" Nikamwonyesha. Akavishika kwa muda mrefu, akasema, "Wewe ulikuwa mtoto mwoga. Mimi nilikuwa mtu mzima, na sikuuliza mara mbili." Akaniambia niondoke, anataka kumaliza mstari wake wa mikorosho.

Jumapili iliyofuata alimwomba Padre nafasi baada ya misa. Aliniita mbele nikasimama naye. Goti lilikuwa linamtetemesha, nikataka kumshika, akanisukuma. Alisema, "Hapa hapa nilimtaja Kassian mwizi. Nilimtaja asiye. Naomba mlifute mliloliandika mioyoni kwa mdomo wangu." Kisha akanigeukia, nami nikasema la kwangu. Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyenizomea. Watu walitoka polepole. Mama Prisila, yule jirani aliyekuwa akitubeba mgongoni wote wawili tukiwa wadogo, alipita mbele yangu bila kunisalimia, na hajanisalimia mpaka leo. Kigango wamepeleka spika zao kwa fundi mwingine. Ni haki yao. Nimewaambia nitawaletea amplifaya nyingine nikimaliza kuitengeneza, wamesema watafikiri.

Kaka, sikuandikii ili unisamehe haraka haraka nipumue. Kama utataka kukaa na hasira, kaa nayo, ni yako, umeifanyia kazi. Wala sisemi urudi. Mtu mwenye mizinga mia moja na kumi hawezi kuiacha kwa sababu mdogo wake amejifunza kusema kweli akiwa na miaka thelathini na moja. Baba naye hajasema urudi. Amesema tu kwamba njia ya Ruangwa kutoka Nanganga siku hizi inapitika, na akalisema mara mbili kwa siku mbili tofauti, tena mbele yangu.

Mama atafanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto mwezi wa pili, Mungu akipenda. Daktari amempa matumaini. Aurelia amemwomba radhi kwa kutomwamini, na Mama amemwambia ampikie kuku yaishe.

Pokea salamu za Mwalimu Protasi, anasema mahesabu yako yalikuwa safi na hakuamini habari ile hata siku moja, ingawa mimi nakumbuka naye alinyamaza kama sisi wote. Mama Teodosia anakusalimu. Aurelia na watoto wake wanakusalimu mjomba wao wasiyemjua. Baba anakusalimu, nilimuuliza niandike nini, akasema, "Andika nakusalimu," nami nimeandika.

Kama hutaki kunijibu mimi, usinijibu. Lakini Mama ana ombi moja, na ameniagiza niliweke mwisho ili usilisahau. Kila usiku anapiga magoti anawaombea watoto na wajukuu wake mmoja mmoja, kwa majina, na siku hizi akifika kwa yule msichana aliyenuna anakwama. Anasema hawezi kumwambia Mungu "yule wa kwenye televisheni". Mwandikie anaitwa nani.

Ni mimi mdogo wako,

Dastani Kornel